Baharia Aliyepitisha Mashua Milimani: Maisha ya Kamanda Spicer-Simson

Katika masomo yetu ya historia tumezoea kusoma habari za majemadari wa nchi kavu. Tukitajiwa Vita Kuu ya Kwanza katika nchi zetu, upesi tunamkumbuka von Lettow-Vorbeck na askari wake, na wapagazi wasiohesabika waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili. Lakini vita vile vilipiganwa majini pia, tena si baharini tu. Vilipiganwa katika Ziwa Tanganyika, na aliyeongoza mapigano hayo kwa upande wa Waingereza alikuwa ofisa wa manowari aitwaye Geoffrey Basil Spicer-Simson. Katika makala hii nataka kuwaelezeni maisha ya kazi ya ofisa huyo tangu ujana wake hata uzee.

Nina sababu mbili za kumchagua. Kwanza, kwetu ni Kigoma, na tangu utotoni nimeisikia meli Liemba ikitajwa kama mtu wa ukoo. Habari ya meli hiyo haiwezi kuelezwa vizuri pasipo kumtaja Spicer-Simson. Pili, katika darasa letu la Kidato cha Tano tumebishana sana juu yake. Wengine wasema alikuwa shujaa. Wengine wasema alikuwa mjivuni na mpuuzi aliyebahatika siku mbili. Mimi nimeona si haki kumhukumu mtu kwa siku mbili, ziwe njema au mbaya, kabla ya kuitazama kazi yake yote. Basi na tuitazame.

UJANA NA MAFUNZO

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 Januari 1876 katika mji wa Hobart, kisiwani Tasmania, kusini ya Australia. Baba yake alikuwa na shamba la kondoo huko, lakini baada ya miaka michache jamaa yote ilihamia Ufaransa. Kwa hiyo mtoto huyu alikijua Kifaransa tangu udogo wake. Wasomaji na waliweke neno hili moyoni, kwa maana Kifaransa hicho kilikuja kumfaa mara mbili maishani, na mara zote mbili kilimfaa kuliko upanga.

Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 14, aliingia katika manowari za Kiingereza. Siku zile ndivyo ilivyokuwa desturi: maofisa walichukuliwa wangali wavulana, wakafundishwa hisabati, elimu ya nyota, kusoma ramani, na namna ya kuendesha chombo. Baadaye walipanda vyeo hatua kwa hatua. Vyeo vya mwanzo mtu aliweza kuvipata kwa kungoja miaka yake itimie, ikiwa hakufanya kosa kubwa. Lakini kupata cheo cha Kamanda ilikuwa jambo jingine, kwani hapo wakubwa walichagua wamtakaye na kumwacha wasiyemtaka. Mtu aliyeachwa aliweza kuzeeka katika cheo kile kile huku wadogo zake wakimpita. Hivyo ndivyo ilivyomtokea Spicer-Simson. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka 38, na alikuwa bado Luteni Kamanda.

Kwa nini aliachwa? Kwa sababu ya ajali na makosa. Katika mazoezi fulani alitoa shauri la kukamata nyambizi kwa kamba ndefu iliyokokotwa na manowari mbili ndogo, na kidogo nyambizi ya Waingereza wenyewe izamishwe na ujanja huo. Mara nyingine chombo chake kiligonga mashua na kuizamisha, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Zaidi ya hayo, wenzake hawakumpenda. Yasemekana alikuwa na maneno mengi, akisimulia vituko vya uwindaji na vita ambavyo wasikilizaji wake hawakuviamini. Tena alijichora mwilini chale za nyoka na vipepeo, jambo lililowashangaza wengi katika ofisa.

KAZI ISIYOSIFIWA

Hata hivyo, kuna sehemu ya kazi yake ambayo wasimuliaji huipita mbio, na mimi naiona kuwa ndiyo ufunguo wa maisha yake. Spicer-Simson alikuwa mpimaji. Tangu mwaka 1905 hata 1908 alikuwa Uchina, akiupima Mto Yangtze katika sehemu zake za juu. Baadaye alipelekwa Gambia, Afrika ya Magharibi, kuupima mto wa nchi hiyo, akawa huko mpaka karibu na kuanza kwa vita.

Labda msomaji atauliza, je, mto hupimwaje? Njia yenyewe ni ile hesabu ya pembetatu tunayofundishwa darasani na kuilalamikia. Mpimaji huchagua mahali pawili ufukoni, akapima kwa uangalifu sana urefu wa mstari ulio kati yake. Kisha husimama mwisho mmoja wa mstari huo, akatazama kwa chombo chake alama ya tatu, kama mti au kilele cha kilima, na kuipima pembe. Huenda mwisho wa pili, akafanya vivyo hivyo. Akiisha kuujua mstari mmoja na pembe mbili, aweza kuhesabu urefu wa mistari mingine miwili pasipo kuikanyaga. Mistari hiyo nayo huwa msingi wa pembetatu nyingine, na hiyo huzaa nyingine, mpaka mto mzima umefunikwa kwa wavu wa pembetatu. Ndipo mabaharia hutia bildi kila mahali kujua kina cha maji, na kila kina huandikwa mahali pake katika ramani.

Kazi hii haina ngoma wala bendera. Ni jua, mbu, tope, na kuhesabu mchana na usiku. Lakini nahodha anayepita usiku katika mto ule miaka thelathini baadaye huokolewa na tarakimu ndogo iliyoandikwa na mtu asiyemjua. Mtu mwenye maneno mengi mezani alikuwa na subira ya kazi namna hii. Jambo hilo peke yake latosha kutuonya tusiwe wepesi wa kuhukumu.

ZIWA LENYE THAMANI

Vita vilipoanza Agosti 1914, Spicer-Simson alipewa kuongoza kikundi cha vyombo vidogo vilivyokagua meli katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 11 Novemba 1914, mchana kweupe, nyambizi ya Wajerumani iliizamisha manowari Niger karibu na mji wa Deal. Niger ilikuwa chini ya ulinzi wake, na yeye mwenyewe wakati ule alikuwa nchi kavu. Basi aliondolewa akawekwa ofisini London. Kila mtu aliona ya kuwa safari yake imekwisha.

Lakini wakati huo huo mambo makubwa yalikuwa yakitokea katika Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika karibu mita 1,470. Upande wa mashariki ilikuwa nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, magharibi Kongo ya Wabelgiji, na kusini Rhodesia ya Kaskazini ya Waingereza. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo mwenye meli ziwani aliweza kuwachukua askari kutoka Kigoma akawashusha popote katika siku chache, hali adui yake angetembea kwa miguu majuma mengi. Tena hakuna jeshi ambalo lingeweza kuvuka maji yale ikiwa meli za adui zinazunguka.

Wajerumani walilijua hilo tangu mwanzo. Meli yao Hedwig von Wissmann iliipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, mwezi ule ule wa Agosti 1914. Baadaye waliiharibu na meli ya Waingereza kule kusini. Walikuwa pia na chombo kidogo kilichoitwa Kingani, kwa jina la mto ambao leo tunauita Ruvu. Na zaidi ya hizo walikuwa wakiunda meli kubwa pale Kigoma. Meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa kwa bahari hata Dar es Salaam, na kutoka huko kwa reli. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana yule aliyetawala wakati wa Vita vya Majimaji. Baadaye ilipewa mzinga mkubwa uliotoka katika manowari Königsberg, iliyokwisha kuzamishwa katika delta ya Rufiji.

Mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, aliyeijua sana nchi ya Kongo, alikwenda London Aprili 1915 kumwona Admirali Sir Henry Jackson. Alimshauri hivi: zitafutwe mashua mbili ndogo za mota, zenye mbio, zipelekwe Cape Town kwa meli, kutoka hapo kwa reli mpaka Kongo, kisha zivutwe juu ya milima hata ziwani. Shauri hilo lilionekana kama wazimu, lakini lilikubaliwa. Akatafutwa ofisa wa kuiongoza safari. Maofisa wenye sifa walikuwa wanahitajiwa baharini. Aliyekuwa na nafasi, aliyezoea mito na joto, na aliyejua Kifaransa cha kusemezana na Wabelgiji, alikuwa yule Luteni Kamanda aliyesahauliwa mezani pake. Waswahili husema, baada ya dhiki faraja.

MASHUA JUU YA MILIMA

Mashua zenyewe zilikuwa na urefu wa futi 40, za mbao nyembamba, kila moja ikiwa na mzinga mdogo wa risasi za ratili tatu mbele na bombomu nyuma. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Ndipo akaleta majina Mimi na Toutou, wakayakubali pasipo kujua kuwa kwa Kifaransa cha watoto maana yake ni paka na mbwa vile vile. Kwa Kiswahili chetu jina Mimi lina maana nyingine kabisa, na bila shaka lilimfaa mwenyewe, aliyependa sana kujitaja.

Waliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915, wakafika Cape Town mwanzo wa Julai. Kutoka hapo walisafiri kwa reli mpaka Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, wakaenda mbele hata Fungurume. Hapo reli iliwaacha. Mbele yao palikuwa na maili 146 za pori na Milima ya Mitumba, yenye kupanda zaidi ya futi 6,000, kabla ya kuifikia reli nyingine fupi pale Sankisia.

Tarehe 18 Agosti 1915 safari ya nchi kavu ilianza. Walikuwa na matrekta mawili ya mvuke, maksai wengi, na mamia ya wafanya kazi Waafrika. Njia ilikatwa msituni, miti ikang'olewa, na madaraja zaidi ya 150 yakajengwa juu ya mabonde na vijito. Mahali penye mteremko mkali matrekta yalishindwa. Hapo walifunga makapi katika miti mikubwa, wakapitisha kamba, na maksai wakaswagwa kuteremka ili mashua ipande. Maji yalipokuwa haba na matrekta yakikaribia kuzimika, wanawake wa vijiji vya karibu waliyachota mbali na kuyaleta kwa mitungi, huku wenyewe wakiwa na shida ya maji. Walifika Sankisia tarehe 28 Septemba. Wakaenda kwa reli mpaka Bukama, wakateremka Mto Lualaba, ambao maji yake yalikuwa machache na mashua zikakwama mara nyingi, kisha wakapanda reli tena kutoka Kabalo. Mwishoni mwa Oktoba 1915 walikuwa karibu na ziwa, mahali paitwapo leo Kalemie.

Hapa nataka kusimama kidogo. Tukisoma kuwa Spicer-Simson alizivusha mashua milimani, tukumbuke kuwa yeye hakuvuta kamba. Njia ilipelelezwa na John Lee, ambaye aliondolewa katika safari kabla haijafika ziwani, naye hakuonja sifa yoyote ya ushindi. Kamba zilivutwa na Waafrika wa Katanga. Maji yalichukuliwa na mama zao na dada zao. Maofisa walipewa nishani. Wavuta kamba hawakuandikwa hata majina. Mtu akiniuliza ni nani mashujaa wa safari ile, jibu langu la kwanza ni hao.

MAPIGANO MAWILI

Bandari ndogo ilijengwa, na siku chache kabla ya Krismasi mashua zikateremshwa majini. Hazikungoja sana. Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, Spicer-Simson alikuwa akiongoza ibada ya asubuhi ufukoni wakati Kingani ilipoonekana ikija kuchungulia. Yasimuliwa kuwa hakuikatiza ibada, bali aliimaliza, ndipo akatoa amri.

Msomaji na aone ujanja wa mapigano haya. Kingani ilikuwa na mzinga mmoja mbele, nao haukuweza kupigwa kuelekea nyuma. Kwa hiyo Mimi na Toutou ziliiacha ipite kwanza, kisha zikaifuata kwa nyuma, moja kulia na moja kushoto. Kila Kingani ilipotaka kugeuka ili mzinga wake uwaelekee, mashua zile zenye mbio ziligeuka pia. Yalikuwa mapigano ya dakika kumi na chache tu. Nahodha wa Kingani na baadhi ya watu wake waliuawa, waliobaki wakasalimu amri. Chombo kilikokotwa hata pwani, kikazibwa matundu, kikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya, Fifi. Spicer-Simson alipandishwa cheo akawa Kamanda, kile cheo alichokikosa kwa miaka mingi.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta mwenzake aliyepotea. Spicer-Simson alitoka na Fifi, pamoja na Mimi na vyombo vya Wabelgiji. Fifi ilikuwa na mzinga wenye nguvu lakini haikuwa na mbio za kumfikia adui. Mimi ilikuwa na mbio lakini mzinga wake ulikuwa mdogo. Basi Mimi ikatangulia, ikaichokoza Hedwig kwa nyuma. Hedwig ikalazimika kugeuka kila mara ili iipige, na kila ilipogeuka ilipoteza muda, Fifi ikazidi kusogea. Risasi za Fifi zilipokuwa karibu kwisha, moja iliingia katika mashine ya Hedwig, ikawaka moto na kuzama. Kilichoshinda siku hiyo kilikuwa mpango mwema kuliko ukubwa wa mzinga.

ALIYOYAACHA

Kesho yake Graf von Götzen yenyewe ilionekana, ikipita polepole ikitafuta habari za Hedwig. Watu wa Spicer-Simson waliomba ruhusa ya kuishambulia. Alikataa. Akaondoka kwenda mbali magharibi kutafuta meli kubwa zaidi, hakurudi mpaka Mei. Mwezi wa Juni 1916 alikwenda Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo mkoani Rukwa, ambako jeshi la Waingereza kutoka Rhodesia lilikuwa likiizingira boma ya Wajerumani. Aliiona ile boma na mizinga yake, akaona ni hatari, akajitenga. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa majahazi, na asubuhi ikaonekana kuwa mizinga ile ilikuwa ya miti. Ofisa wa jeshi la nchi kavu alimkasirikia sana.

Je, alikuwa mwoga? Wengine katika darasa letu wasema ndiyo. Mimi nasema mambo haya mawili hayafanani. Juu ya Götzen alikuwa na haki. Mzinga uliotoka katika Königsberg ungaliweza kuzivunja mashua za mbao kabla hazijafika karibu, na kazi yote ya wale waliovuta kamba ingalipotea katika robo saa. Mwenye kuongoza hapigi vita kwa ajili ya kushangiliwa. Lakini Kasanga ni jambo jingine. Kazi yake pale ilikuwa kuziba njia ya majini, na kuziba njia hakukumlazimu kuikaribia boma. Alishindwa, na adui wakapona. Labda sifa zilikuwa zimekwisha kumharibu, kama wasemavyo wazee: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wenyeji wa ufuoni, Waholoholo, walimstaajabia sana kwa chale zake na kwa sketi ya kaki aliyopenda kuivaa, nao askari wake walimcheka kwa siri.

Hata hivyo, Götzen haikupona. Ndege za Wabelgiji zilitupa mabomu Kigoma, na majeshi yao yakakaribia kwa nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini mafundi waliotoka nayo Papenburg waliipaka mashine grisi nyingi kwanza, kwa kutumaini kuwa siku moja itaibuliwa. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi sana iliwachukua watu wetu, mahindi, dagaa na mananasi kati ya Kigoma na Mpulungu, na mwaka 1997 ilitumiwa kuwarudisha wakimbizi makwao Kongo. Ile grisi ya mafundi imewafaa watu wengi kuliko mizinga yote iliyopigwa ziwani.

MIAKA YA MWISHO

Spicer-Simson aliugua, akarudishwa Uingereza mwaka 1916. Alipewa nishani na Waingereza na Wabelgiji, lakini hakupewa tena kuongoza watu vitani. Alifanya kazi katika idara ya upelelezi ya manowari, na mwaka 1919 alikuwa Paris katika mkutano wa amani, ambako Kifaransa chake kilimfaa kwa mara ya pili.

Kisha ikaja kazi yake ya mwisho. Mwaka 1921 mataifa mengi yalianzisha ofisi ya pamoja ya upimaji wa bahari huko Monaco. Kabla ya hapo kila taifa lilichora ramani za bahari kwa desturi yake: huyu hupima kina kwa futi, huyu kwa mita, alama ya mwamba ya huyu ni alama nyingine kwa yule. Nahodha aliyenunua ramani ya kigeni aliweza kuisoma vibaya na kuua watu. Ofisi ile ilikuwa na kazi ya kuzilinganisha ramani na kuyafanya mataifa yapashane habari za hatari baharini. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Spicer-Simson, na alishika kazi hiyo mpaka mwaka 1937. Alifariki dunia mwaka 1947 katika British Columbia, nchini Kanada. Ofisi ile haikufa. Leo ni Shirika la Kimataifa la Hidrografia, na makao yake yangali Monaco.

TUMHUKUMU KWA LIPI?

Sasa turudie ubishi wetu. Lazima tujue kwanza kuwa sehemu kubwa ya vichekesho juu ya Spicer-Simson imetoka katika kumbukumbu za watu waliosafiri naye, hasa daktari wa safari, Hanschell, aliyesimulia baada ya miaka mingi. Watu waliokasirishwa na mkubwa wao huweza kusema kweli, lakini huichagua kweli ya kusema. Vile vile barua za mkubwa kwa wakubwa wake huchagua. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia asikilize pande zote mbili, kisha atazame kazi iliyobaki.

Nami nikiitazama kazi iliyobaki, naona hivi. Mapigano yake mawili yalikuwa ya saa chache tu. Kazi yake ya kupima na kuchora ilichukua zaidi ya miaka ishirini ya maisha yake. Alipokuwa akitafuta sifa, kama pale Kasanga, alijikwaa. Alipokuwa na kamba ya kupimia, kitabu cha hesabu, na watu wa lugha mbili wa kupatanisha, alifanya kazi iliyosimama. Lakini waandishi wamempenda yule wa sketi na mashua, hata riwaya na filamu zimepata wazo kutoka kwake, na yule wa ramani hakuna amsimuliaye.

Basi si shujaa mkamilifu, wala si mpuuzi. Alikuwa mtu mwenye kazi moja aliyoiweza sana na tamaa ya kusifiwa kwa kazi nyingine. Wengi wetu tuko karibu kumaliza masomo, na kila mmoja anajiuliza atakuwa nani. Ningependa tujifunze kwake jambo moja: kuitambua mapema ile kazi tunayoiweza, hata kama haipigiwi ngoma. Na tukijaliwa kupata sifa, tusisahau kuuliza kamba zilivutwa na nani.